Kabla Hujaanza Kazi kwa Mnyoosha Migongo

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Pongwe kumuaga shangazi yako, na namjua shangazi yako, hatakuachia mpaka ule ushibe. Baba yako yuko msikitini. Nyumba imenyamaza. Nimetandika mkeka uani nikalala kifudifudi, maana kukaa kitini kwa muda mrefu bado kunanishinda, na naandika hivyo hivyo nimelala. Usiicheke hati yangu.

Habari za baridi ya Arusha, za kuswali kwa wakati, za kutonunua vyakula vya dirishani basi linaposimama, baba yako amezisema wiki nzima mpaka na kuku wamezihifadhi. Sina la kuongeza. Langu ni moja tu, nalo ni huyu mtu unayekwenda kumfanyia kazi.

Juzi nilikusikia ukimwambia mwenzio kwenye simu, "Huyo ndiye aliyemponya mama mgongo." Ulisema kwa furaha, na mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, mkono ukanisimama. Nilitaka kutoka nikukatize. Nikaona nikianza kusema sitamaliza, na nikimaliza huenda usiende. Kwenda nataka uende. Ila nataka uende ukiwa unajua yote, maana wakati ule ulikuwa chuoni Morogoro na habari zilikufikia vipande vipande, na kipande kimoja hakikukufikia kabisa.

Mimi ni mtu wa kushuku, hilo halifichiki. Mnunuzi wa mwani akija Kigombe na mizani yake, wenzangu wanaangalia mshale, mimi naangalia mguu wake umekanyaga wapi. Baba yako anasema hata nikipewa salamu naitafakari kwanza. Basi mtu wa namna hiyo akaja akaugua ugonjwa ambao hauonekani kwa macho, na kila aliyemwendea alimwambia, "Niamini."

Ulianza majini. Ilikuwa siku za bamvua, maji yamekupwa mbali sana, nasi wanawake tumeinama tangu asubuhi tunafungua mwani kwenye kamba. Unaijua kazi ile, umeifanya likizo zako zote: kichwa chini, kiuno juu, mpaka ukisimama unaona nyota. Nilikuwa na Mwanaisha, wifi yangu. Tukakamata gunia lililojaa mwani mbichi, yeye upande huu, mimi ule, tukainua. Mwanaisha akateleza. Uzito wote ukanijia, na mimi badala ya kuliachia gunia nikajipinda kulizuia. Kitu kikakatika chini ya kiuno. Sikusikia sauti, lakini nilikisikia kwa ndani, kama kamba ya kisima inapoachia ghafla. Moto ukashuka tako la kushoto, ukapita nyuma ya paja, ukaenda mpaka kidole gumba. Nikakaa kwenye maji.

"Wifi, inuka," Mwanaisha akasema.

"Siwezi."

"Unanitania?"

Alipoona natetemeka akaacha kucheka. Walinibeba kwenye lile lile gunia la mwani, wakiwa wamelimwaga.

Tukaenda hospitali mjini. Nikapigwa picha, baadaye nikaingizwa kwenye lile bomba linalogonga kama karakana, tukarudi kwa daktari wa upasuaji. Kijana, umri wake hata mdogo wangu wa mwisho anamzidi. Hakunipa shikamoo. Alikuwa anaangalia picha kwenye kompyuta, na maneno yake yote aliyaambia kompyuta. Akasema kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, kama vijitakia vidogo, na kimoja changu kimetoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni.

"Hii ni ya kupasua, mama. Tutakupangia tarehe."

Nikamuuliza, "Na nisipopasuliwa?"

"Utarudi mwenyewe."

Hebu fikiri. Mtu hajanigusa mgongo. Hajaniambia nilale, wala nisimame, wala niinue mguu. Amesoma picha kama mtu anayesoma bei ukutani. Nami kichwani nilikuwa na Bi Salama wa mtaa wa nyuma, aliyerudi kutoka kupasuliwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na hajasimama tena mpaka leo. Sikuwahi kuuliza Bi Salama aliumwa nini. Nilijua tu kwamba alikwenda anatembea akarudi amekaa. Hilo lilinitosha. Nikamwambia baba yako, "Twende nyumbani. Huyu anataka kujifunzia kwangu."

Sikumuuliza yule daktari hata swali moja zaidi. Hapo ndipo nilipokosea, Zuhura, na nimekosea hivyo mara nyingi maishani. Ninaposhuku, nyonga zangu zinageuka mlangoni kabla mdomo haujafunguka. Nilimshuku, nikaondoka, nikajiona mjanja.

Nikakaa nyumbani nikisuguliwa mafuta ya karafuu na Mwanaisha kila jioni. Usingizi nilikuwa naupata nikipiga magoti, kichwa kimeegemea kitanda. Ndipo baba yako akaja na habari kutoka msikitini kwamba kuna bwana anaitwa Idrisa, amesomea nje kazi ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, hapasui wala hachomi sindano, naye huja Tanga kila mwezi siku kadhaa. Mwenyewe anajiita kairoprakta. Sisi watu wa Kigombe ulimi ukatushinda, tukamwita mnyoosha migongo.

"Amewaponya wengi," baba yako akasema.

"Nani kawahesabu?"

"Mama Zuhura, wewe unataka kupona au unataka kushinda?"

Nikaenda, lakini nikajiandaa. Niliazimia kumjaribu. Alikuwa amepanga chumba ghorofani, ukutani ameninginiza picha ya mifupa ya mgongo, na mezani kuna mfano wa plastiki wa uti wa mgongo mzima unaopindika kama nyoka. Alinipa shikamoo, akanikalisha, akaniuliza inauma wapi. Nikamwambia mguu wa kulia.

Ndiyo, nilimdanganya. Nilitaka nione kama anajua kazi yake au anapokea tu analoambiwa.

Akanilaza. Akainua mguu wa kulia, taratibu, juu, juu zaidi. Nikajitahidi kukunja uso. Akaushusha. Akainua wa kushoto, na haujafika popote mimi nikapiga ukelele. Akagonga magoti kwa kinyundo, akanikuna nyayo, akaniambia nisukume mkono wake kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu na kichwa changu.

"Mama yangu, mguu wa kulia ni mzima. Kwa nini unanificha?"

"Nilitaka kuona kama utajua."

Baba yako akashika kichwa. Yule bwana hakukasirika. Akasema, "Vizuri. Sasa nami nikuulize, na hapa usinijaribu." Akauliza kama mkojo unatoka sawasawa. Akauliza kama ninapojisafisha chooni nasikia maji na nasikia mkono wangu, huku na huku, kote.

Nikainuka nusu. "Swali gani hilo la kumuuliza mke wa mtu?"

Hata baba yako alibadilika uso. Idrisa akatoka, akamwita mkewe aliyekuwa akipokea wagonjwa chumba cha nje, akamwambia aniulize yeye. Yule dada akaniuliza tena, kwa upole, mlango umefungwa. Nikajibu kwamba nasikia kila kitu. Aliporudi, Idrisa akasimama pale mlangoni akasema maneno ambayo niliyachukia siku ile:

"Ninaweza kujaribu kukusaidia, mama, kwa sababu ganzi hiyo huna. Wengi wa namna yako hupata nafuu pole pole, na wengine wangepata hata bila mimi. Lakini siku ukijisafisha usijisikie, au mkojo ukakataa, au miguu yote miwili ikalegea, usije kwangu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi hapo sina dawa. Hapo ni kisu."

Nikatoka nikamwambia baba yako, "Umemsikia? Anajikinga. Nikidhurika atasema alinionya."

Mtu wa biashara anasema wangepona bila mimi? Nililigeuza neno hilo njia nzima ya kurudi Kigombe, natafuta mtego uko wapi, nisiuone, na kutouona kukanizidishia shaka.

Lakini nilirudi kwake. Nisikudanganye, mikono yake ni mizuri. Alinilaza ubavu, akanikunja goti, akasukuma mara moja kidogo, pakalia ko! kama unavyovunja kijiti. Nilidhani amenimaliza. Nikasimama, nikaona mguu mwepesi. Siku nyingine hakunisukuma kabisa, alininyoosha tu na kunifundisha mazoezi, namna ya kuinama kwa magoti na kiuno kikae sawa. Usiku nikaanza kulala kitandani kama watu. Moto ukapanda kutoka kidoleni mpaka gotini, kutoka gotini mpaka pajani, na yeye akasema hiyo ni dalili njema, ukipanda unaondoka. Mwanaisha akatangaza kijiji kizima kwamba nimepona bila kisu. Watu wakaja kuniangalia natembea. Na mimi, mtu wa kushuku, nilijisahau. Niliwaambia wanawake wenzangu wawakatae madaktari wa hospitali. Niliwaambia hivyo, Zuhura, kwa mdomo huu. Nikarudi majini kabla Idrisa hajaniruhusu.

Habari uliyoipata Morogoro iliishia hapo, na ndiyo unayoisimulia. Halafu ukaambiwa hali ilibadilika nikapasuliwa. Sasa sikia ilivyobadilika.

Ilikuwa adhuhuri. Nilitoka pwani na mgongo mzito, nikaenda kujisafisha nitie udhu. Nikamimina maji. Nikaona maji yanapita, nikaona mkono wangu, lakini pale nilipojigusa palikuwa kama pa mtu mwingine. Nikamimina tena. Hakuna. Nikakumbuka kwamba tangu asubuhi sijapata haja ndogo, na nilikuwa sijaona ajabu. Nikatoka pale nikishika ukuta, maana miguu yote miwili ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kitandani baada ya homa.

Nikamwita baba yako. Nikamwambia bila haya. Akapiga simu kwa mnyoosha migongo.

Idrisa hakuwepo, alikuwa safarini Arusha anatafuta mahali pa kufungua kliniki. Simu ilipokewa na kijana aliyekuwa amemwacha pale chumbani, msaidizi wake. Baba yako akaweka sauti ya nje ili nisikie. Akaeleza kila kitu. Yule kijana hakuuliza hata swali moja.

"Msiwe na wasiwasi, mzee. Hiyo ni mishipa inajipanga, huwatokea wengi. Mlete kesho asubuhi anyooshwe kidogo, atakuwa sawa."

Baba yako akashusha pumzi. Alifurahi, masikini. Akaniambia, "Umesikia? Kesho asubuhi."

Ile sauti, Zuhura. Ilikuwa tamu. Ilikuwa na uhakika kabisa. Hicho ndicho kipande ambacho hatukukuambia, kwa sababu baba yako anaona aibu mpaka leo kwamba aliiamini.

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Maneno yale niliyoyachukia yakanirudia yote: usije kwangu, siku hiyo hiyo. Na kwa mara ya kwanza nikajiuliza, mtu anayejikinga anapata faida gani kunipeleka kwa mwingine? Yule aliyenitisha alinipa kitu cha kukiangalia. Huyu wa simu alinipa usingizi tu.

"Hatusubiri kesho," nikasema. "Nipeleke hospitali."

"Kwa yule yule uliyemkimbia?"

"Kwa yule yule."

"Mama Zuhura, huyu ni mtu wa Idrisa, anajua kazi—"

"Baba Zuhura, sijisikii. Mimi ndiye nisiyejisikia, si yeye."

Hatukubishana tena. Tulipata gari ya jirani iliyokuwa inapeleka nazi mjini, nikalazwa nyuma juu ya nazi na godoro.

Yule daktari kijana alikuwepo. Safari hii aliacha kompyuta. Aliposikia neno ganzi alikuja mbio, akanishika miguu, akaagiza picha, akamwita nesi wa kike anikague. Nikaona uso wake umekaza, nikajua hajifunzii kwangu. Na mimi safari hii niliuliza. Niliuliza atakata wapi, ataondoa nini, nisipokubali kitatokea nini, nikikubali kitatokea nini. Akajibu yote, amechuchumaa pembeni ya kitanda ili nimwone.

"Mguu naweza kukuahidi nitajaribu," akasema. "Choo na mkojo, tukichelewa, havitarudi."

"Na ile siku ya kwanza uliyotaka kunipasua?"

"Siku ile ungeweza kusubiri, mama. Nilikuwa na wagonjwa wengi nje, nikafupisha. Leo huwezi kusubiri."

Nikachukua kalamu nikatia sahihi karatasi ya kukubali kupasuliwa.

Mkojo ulirudi. Kusikia kulirudi pole pole, si kote. Unyayo wa kushoto ndio huo unaousikia ukipiga sakafu ninapotembea, na utaendelea kupiga hivyo. Nilipopata nguvu nilimwomba Mwanaisha anisindikize kwa Bi Salama. Nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza zamani. Akaniambia alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, miguu ilikwisha kufa kabla hajapasuliwa, alibebwa kwenda. Mimi nilimwona akienda anatembea, kumbe hiyo ilikuwa safari nyingine, ya kwanza. Kwa habari ambayo haikuwa ya kweli nilikaribia kukaa naye kwenye kiti cha pili.

Idrisa alikuja wodini. Alisimama miguuni pa kitanda akaniuliza nani alipokea simu, na alisema nini. Nikamweleza neno kwa neno. Akaomba radhi, akaondoka. Yule kijana wa simu sijamwona tena. Nimejiuliza mara nyingi kama Idrisa alikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya jina lake. Na sasa mtu huyo huyo, amefungua Arusha, anamwajiri binti yangu kukaa mbele na kupokea wagonjwa. Kwa nini wewe? Huenda anataka midomo yetu ifungwe. Huenda anataka mtu ambaye mama yake amepita pale na hawezi kusahau. Nimekaa na maswali haya tangu barua yake ije, na baba yako ameniambia niyameze.

Sikuyameza. Jana, ulipokwenda kusuka, nilichukua simu ya Mwanaisha, ambayo hawaijui, nikapiga Arusha. Nikaiminya sauti. Nikasema naitwa Mama Rehema, natokea Amani, nimeanguka na kuni, mgongo unauma na chini nina ganzi. Aliyepokea alikuwa mwanamke. Sikumjua. Akauliza, "Ganzi wapi, mama?" Nikamwambia. Akauliza mkojo. Akauliza miguu. Kisha akasema, "Subiri, usikate," na simu akashika Idrisa.

"Mama, usije huku, ni mbali na si kazi yangu. Nani yuko karibu nawe sasa hivi? Muheza kuna hospitali, mtafute mwenye gari sasa hivi. Nakupigia baada ya muda kuona kama umeondoka."

Nikakohoa.

"Mama Zuhura?" akasema. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilidhani atacheka au atakasirika. Alisema tu, "Umeridhika?"

"Bado," nikamwambia, nikakata.

Ni kweli, bado. Sijui kama nitaridhika naye, na sikutumi ukaridhike kwa niaba yangu. Mikono yake imesaidia mgongo wangu, na kisu cha yule daktari kijana kimeniokoa. Ukimsikia mtu anasema kimoja kati ya hivyo ni uongo mtupu, mtazame mguu wake umekanyaga wapi. Na mtu akikuuliza habari zangu, simulia yote, mpaka gari ya nazi. Usiwaambie nimeponywa. Waambie niliuliza kwa kuchelewa.

Watakaokupigia simu, Zuhura, wengi watakuwa watu kama baba yako, wamechoka, wanataka sauti tamu iwaambie kesho. Utakuwa na sauti hiyo, umezaliwa nayo. Hapo ndipo ninapoogopa, zaidi ya Idrisa na Arusha yote. Waulize. Uliza hata kama ni shehe, hata kama ni bibi harusi, hata kama atakutukana kama nilivyotaka kumtukana yule dada, mke wa Idrisa. Wakikujibu kwamba wana ganzi au mkojo umekataa, usimsubiri Idrisa wala usitafute maneno mazuri. Waambie waende hospitali siku hiyo hiyo.

Basi. Nasikia pikipiki, huenda ndiyo wewe, nami naiingiza karatasi hii chini ya kanga zako kabla hujafika. Mwenyezi Mungu akushike mkono. Na ujue kwamba nitapiga simu pale kazini kwako, siku usiyoitegemea, kwa jina lisilo langu na sauti usiyoijua. Ukinitambua, jifanye hukunitambua, uniulize yale maswali mpaka la mwisho.

Mama yako,
Rukia